Savannah kwa gari: siku mbili zinatosha?

Dada, umeuliza kama siku mbili zinatosha Savannah, mji wa jimbo la Georgia, Marekani, wewe na rafiki yako mkitoka Atlanta kwa gari. Zinatosha. Ni kama kilomita 400, mwendo wa saa nne hivi. Jazeni mafuta Macon, mji wa njiani, maana baada ya hapo ni misonobari tu mpaka usingizi ukunyemelee. Mkifika, egesheni gari mtembee. Mji ni wa 1733, bustani zake 22 zimekaribiana, na mialoni imening'iniza mimea kama ndevu za kijivu juu ya vichwa vya watu. Msikose kanisa la First African Baptist: sakafuni kuna matundu madogo, husimuliwa yalipitisha hewa kwa watumwa waliojificha chini. Ziara za mizimu? Nililipa, nikaishia kupiga miayo. Viatu vya visigino acheni nyumbani, barabara ya River Street kando ya mto ni mawe matupu.