Mbuna anadaka chakula na kukitema: tumbo limeshaanza kuvimba, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo. Naishi Forest Mpya, Mbeya. Nina tangi la vioo la urefu wa mita moja, upana sentimita 40, na maji yanafika kimo cha sentimita 45. Nimeweka mbuna, wale samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa, wa njano na wa buluu. Hivi karibuni dume mkubwa wa buluu ameacha kula. Anakimbilia chakula pamoja na wenzake, anakidaka, halafu anakitema. Sasa amejibanza nyuma ya jiwe, tumbo limejaa na anahema haraka haraka. Wa pili naye ameanza vilevile. Nawalisha nyama ya ng'ombe ya kusaga kutoka Mwanjelwa na usipa mkavu niliousaga. Kabla ya haya umeme ulikatika usiku kucha. Jirani ananishauri nitie chumvi ya mezani na nifungue vidonge vya rangi mbili nimwage ndani. Nifuate ushauri wake? – Msomaji, Forest Mpya

JIBU: Marahaba, na pole sana. Chumvi ya mezani acha, na rangi mbili acha kabisa. Dawa hiyo ni ya kuua bakteria: haigusi vimelea vya tumboni, na itaua bakteria wazuri wanaoishi kwenye chujio lako na kusafisha maji. Ukiwaua hao, amonia itapanda na samaki wazima nao wataugua.

Dalili uliyoieleza vizuri kuliko zote ni ile ya kudaka na kutema. Wengi huniandikia tumbo likishavimba, wakati ugonjwa umeshakaa ndani siku kadhaa. Leo jioni kaa mbele ya tangi, zima taa ya chumbani, uache ya tangi peke yake, uangalie kinyesi. Mbuna mzima hutoa kinyesi chenye rangi ya alichokula, na kinakatika upesi. Mgonjwa hutoa kitu cheupe, chembamba, kirefu, kinachoning'inia chini ya tumbo na kuburutwa anakokwenda. Hicho ni ute wa utumbo uliodhurika. Ukikiona kwa samaki ambaye bado anakula, mhesabu ni mgonjwa.

Ugonjwa huu huwapata sana mbuna, na pia Tropheus wa Ziwa Tanganyika, kwa sababu wengi wao ni walaji wa mwani, ule utando wa kijani unaoota kwenye mawe majini. Ukifika Matema, ukachukua mtumbwi kuelekea Ikombe kwa wafinyanzi wa Kikisi, Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini, na mawe yake yana utando wa kijani. Chungulia hapo maji yakiwa yametulia: utawaona wamebinuka, midomo iko kwenye jiwe, wanakwangua tangu asubuhi. Chakula chepesi, kidogo kidogo, siku nzima. Utumbo wao ni mrefu ili uweze kukisaga. Sasa wewe unawapa nyama ya ng'ombe, yenye mafuta ambayo mwili wa samaki huyo haukuumbiwa, na juu yake usipa. Chakula kinakaa tumboni kuliko inavyotakiwa, na vimelea wadogo wa jamii ya Spironucleus, ambao samaki wengi huishi nao bila shida, wanapata nafasi ya kuzaliana. Wataalamu bado wanabishana kama vimelea hao ndio chanzo au wanakuja baada ya utumbo kuharibika. Kwa mfugaji, njia ya kutibu ni ile ile.

Na huo usiku wa giza nao una sehemu yake. Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai unaijua. Hita ikizima, maji yanapoa, na samaki aliyeshiba nyama hawezi kuisaga. Chujio likisimama, bakteria wake wanakosa hewa. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote, pima maji. Amonia na naitraiti zote zinatakiwa kuwa sifuri. Zisipokuwa sifuri, badilisha nusu ya maji leo hii, kwa maji yaliyokaa wazi siku nzima ili klorini itoke, na yenye joto sawa na la tangi.

Dawa ni metronidazoli, ambayo madukani wengi wanaiita flajili. Tibu tangi zima, maana wote wamekula chakula kimoja. Hesabu yako iko hivi: vipimo ulivyonipa vinatoa lita 180, toa nafasi ya mawe, zinabaki kama 160. Kipimo ni miligramu 250 kwa lita 40, kwa hiyo unahitaji miligramu 1,000, yaani vidonge vitano vya miligramu 200. Visage viwe unga, koroga kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, chuja kwa kitambaa, kisha mimina polepole pale maji ya pampu yanapotokea. Toa mkaa kwenye chujio, la sivyo utanyonya dawa yote. Zima taa ya tangi, kwa kuwa mwanga huiharibu dawa hii. Ongeza pampu ya hewa na weka joto kwenye nyuzi 27. Baada ya siku mbili toa theluthi ya maji, jaza mapya, rudia vidonge vitano. Fanya hivyo mpaka dozi tatu zitimie, hata kama samaki wamechangamka baada ya ya kwanza.

Chumvi inayofaa hapa ni haluli, ile ya kuendesha tumbo. Kijiko kimoja cha chai kwa lita 20, kwako vijiko vinane, iyeyushe kwanza pembeni. Husaidia utumbo kufunguka na maji yaliyojaa mwilini kupungua. Ukibadilisha maji, rudisha haluli ya yale uliyotoa tu.

Siku mbili za mwanzo usiwape chochote. Baadaye, wanaokula wapewe dawa ndani ya chakula, maana huko ndiko ugonjwa uliko: kidonge kimoja cha miligramu 200 kilichosagwa, kichanganywe na gramu 20 za chakula cha punje kilicholoweshwa kidogo. Wape hicho siku tano.

Yule dume mtazame kutoka juu. Magamba yakiwa yamesimama kama koni ya mpaini, figo zimeshindwa na nafasi ya kupona ni ndogo mno. Usimwache ateseke. Mafuta ya karafuu yaliyokorogwa kwenye chombo kidogo cha maji humlaza usingizi asiamke.

Akipona, nyama ya ng'ombe isirudi tena kwenye tangi hilo. Nunua chakula chenye spirulina, yaani mwani uliokaushwa, ongeza mchicha au njegere zilizochemshwa na kumenywa, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili.

Na kwa ninyi wa mabwawa ya sato na perege: flajili isiingie kwa samaki wa kuliwa hata siku moja. Marekani na Umoja wa Ulaya wameipiga marufuku kwa wanyama wote wa chakula.

SWALI: Jike langu la njano halijala kwa wiki mbili, lakini tumbo halijavimba, limeingia ndani. Kidevu ndicho kimetuna. Nimempa flajili bila mafanikio. – Msomaji, Njombe

JIBU: Acha dawa leo, huyo si mgonjwa. Ana mayai mdomoni. Mbuna majike huatamia mdomoni kwa takriban wiki tatu, na wakati huo hawali. Mtazame kwa mbele: utamwona akitafunatafuna bila chakula, anayageuza mayai yapate hewa. Badilisha robo ya maji, rudisha mkaa kwenye chujio unyonye dawa iliyobaki, na mrundikie mawe madogo kwenye kona yenye utulivu. Vifaranga wakitoka watahitaji mianya ya kuingia, na yeye atakuwa na njaa, ila mwanzie chakula kidogo cha majani.