Huyu Shija Kamfuata Nani? Kwa Wadadisi na Makarani Wapya

Wiki iliyopita nilikaa kiti cha nyuma kabisa kwenye semina ya wadadisi wapya, wale wanaokwenda kaya kwa kaya kuhoji watu. Walikuwa wakifanya mazoezi ya kuhojiana wawili wawili. Binti mmoja mwepesi, sauti nzuri, kishikwambi kimemkaa mkononi kama alizaliwa nacho, akafika kwenye historia ya uzazi. Akamwuliza mwenzake, "Waliofariki hakuna, ee?" Mwenzake akatikisa kichwa, kidole kikagusa kioo, wakasonga mbele. Mwezeshaji alikuwa meza nyingine, hakusikia. Mimi nilisikia, na chai ikanishinda kunywa, kwa sababu swali lile niliwahi kuliuliza mimi, kwa maneno yale yale.

Basi wadogo zangu, naandika haya kwa kuwa nawapenda na kwa kuwa mmenitia hasira. Dodoso mnalijua, mnajua pa kuruka, EA, yaani eneo lako la kuhesabia, mnaijua mipaka yake. Sitarudia ya semina.

1. Umri. Mzee akikwambia ana miaka sabini, usiandike kwanza. Angalieni jedwali la umri wa mwaka mmoja mmoja la sensa yoyote ya nchi hii: watu wamerundikana kwenye 30, 35, 40, 45, na katikati pamebaki mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mhojiwa anataja namba ya duara kwa sababu hakuwahi kuhitaji nyingine. Karani anaikubali kwa sababu amechoka. Kalenda ya matukio mmepewa ili muitumie: Uhuru, vita vya Kagera, kifo cha Sokoine Aprili 1984, kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996, mvua za El Niño, kifo cha Mwalimu Nyerere Oktoba 1999. Halafu kuna matukio ya pale pale kijijini, ambayo mwenyekiti wa kitongoji anayajua kuliko kitabu chochote.

Sensa ya 2012 nilimkuta bibi mmoja visiwani Ukerewe. Shikamoo, marahaba, umri? "Themanini." Nikamwuliza, bibi, Uhuru ulikukuta umeshaolewa? Akanishangaa. "Kuolewa! Uhuru ulinikuta nachunga mbuzi. Ngoma zilipolia niliwaacha nikakimbilia kucheza, wakaingia kwenye mihogo ya jirani. Nilichapwa siku hiyo, mjukuu wangu, mpaka leo nasikia." Tukahesabu pamoja: mtoto wa kuchunga mbuzi mwaka 1961, miaka minane au tisa. Sitini alikuwa ndiyo kwanza anaigusa. Alicheka hadi akashika mbavu, akamwita jirani aje asikie kwamba serikali imempunguzia miaka ishirini. Nilichelewa kaya mbili siku ile na sijutii.

2. Kaya si nyumba. Kaya ni wanaokula chungu kimoja. Nyumba ya vyumba sita ya Manzese inaweza kuwa na kaya sita, na baba mwenye wake wawili wanaopika mbali mbali ana kaya mbili hata kama ua ni mmoja. Wastani wa watu kwa kaya ulikuwa 4.7 mwaka 2012 na 4.3 mwaka 2022. Tofauti hiyo ndogo imebeba habari kubwa ya jinsi tunavyoishi sasa, nanyi mnaifuta kila mnapounganisha wapangaji wawili kwa kuwa mmoja hayupo. Na mlinzi wa zamu ya usiku anahesabiwa kwake, hata kama usiku wa kuamkia siku ya sensa hakulala kitandani. Mvuvi aliyekuwa ziwani vile vile. Vijana wa kiume ndio mnaowapoteza zaidi. Rudini jioni.

3. Msimsukume mtoto nyuma. Mtoto akizaliwa ndani ya ile miaka mitano kabla ya utafiti anafungua maswali ya chanjo, ya kuharisha, ya kunyonya, dakika nyingi. Mdadisi mchovu anamwongezea mtoto mwaka mmoja ili maswali yajifunge. Wachambuzi wanaliona hilo mara moja: ukihesabu kurudi nyuma, vizazi vinapungua ghafla mwaka wa tano na kujaa mwaka wa sita. Ombeni kadi ya kliniki, andikeni tarehe iliyomo.

4. Waliofariki. Hapa nivumilieni.

Wakati huo dodoso zilikuwa za karatasi. Ulikuwa utafiti wa afya na uzazi, nami nilikuwa nasifiwa kwa kasi. Wenzangu walimaliza wanawake watatu kwa siku, mimi watano. Tulikuwa kijiji kimoja upande wa Sengerema, msimu wa kuvuna pamba. Kaya yangu ya mwisho jua lilikuwa limeshainama na dereva amepiga honi mara mbili. Mhojiwa alikuwa mama wa miaka ishirini na kitu, ameketi kwenye mkeka anachambua mboga. Mama mkwe wake yuko kwenye kigoda, hatua mbili kutoka tulipo. Mnajua kanuni ya faragha. Niliijua pia. Ila mama mkwe alinipokea vizuri, kumwomba apishe kungenichukua muda, nikamwacha hapo.

Watoto wanaoishi naye, watatu. Wanaoishi kwingine, hakuna. Swali linalofuata mnalijua lilivyoandikwa: je, umewahi kujifungua mtoto wa kiume au wa kike aliyezaliwa hai lakini baadaye akafariki? Na chini yake lile la kudadisi, hata mtoto aliyelia au kuonyesha dalili ya uhai, akaishi saa chache au siku chache tu? Mimi nilisema, "Waliofariki hakuna, ee?" Nikasema huku kalamu imeshaanza kuchora sifuri. Yule mama akamtazama mama mkwe, akaitazama kalamu, akasema, "Hakuna." Nikaandika 00.

Jedwali la vizazi nikalijaza haraka. Wa kwanza msichana, miaka tisa. Wa pili mvulana, Shija, miaka mitatu. Wa tatu mchanga wa miezi minane. Kati ya wa kwanza na wa pili palikuwa na pengo la miaka sita, na dodoso lilinitaka niulize kama hapo katikati hakuzaliwa mwingine. Sikuuliza. Nilijiambia ameshajibu.

Usiku gesti, msimamizi wetu alikuwa akipitia madodoso kwa taa ya chemli. Mama mmoja wa Shinyanga, mpole, macho makali. Akaniita. "Huyu Shija kamfuata nani?"

Nikamjibu, kamfuata dada yake, huyu wa miaka tisa.

Akavua miwani. "Mwanangu, Usukumani mtoto haitwi Shija hivi hivi. Shija ni anayezaliwa baada ya mapacha. Kulwa yuko wapi? Doto yuko wapi?"

Mimi ni mtu wa Tanga. Kulwa na Doto nani asiyewajua nchi hii, nimesoma nao. Shija nililiona kama jina tu. Lakini lile pengo la miaka sita halikuhitaji Kisukuma. Lilikuwa mbele yangu kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Asubuhi tulirudi wawili. Msimamizi akamsalimia mama mkwe kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, wakaenda kutazama pamba. Nikaketi mkekani. Nikamwomba yule mama radhi, nikalisoma swali lote, neno kwa neno, kisha nikanyamaza. Alikaa kimya muda mrefu. Kuku alipita kati yetu, akarudi, akapita tena. Ndipo akasema, "Jana ulikuwa umeshaandika. Nikaona kumbe hawa hawahesabiwi."

Kulwa aliishi siku mbili. Doto alifika siku ya tisa, akafia njiani wakimpeleka zahanati kwa baiskeli. Alinieleza yote bila kulia, akiendelea kuchambua mboga, na nilipomaliza akaniuliza, majina yao umeyaandika? Nikamgeuzia karatasi nikamwonyesha: mstari wa pili Kulwa, mstari wa tatu Doto, Shija kashuka wa nne. Zile 00 nimezikata, nimeandika mvulana 01, msichana 01. Aliweka kidole juu ya mistari ile miwili akakiacha hapo kidogo.

Tulikuwa bado na siku mbili kwenye EA ile. Niliwarudia wanawake wote niliowahoji pale, nikampata mtoto mmoja zaidi ambaye nilikuwa nimemruka. EA za nyuma tulikuwa tumeshaziacha, ng'ambo ya kivuko, na madodoso yake yameshasafirishwa. Nilimweleza msimamizi kila kitu. Akayaweka kwenye taarifa yake. Mimi akanisimamisha kuhoji siku tatu, na kila asubuhi nilimsomea swali lile kwa sauti kabla ya kunywa chai. Watoto niliowaruka kwenye EA za nyuma siwajui ni wangapi. Najua tu kwamba kule nako niliuliza vile vile.

Sasa pigeni hesabu. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano nchini vilikuwa 112 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2004–05, vikashuka hadi 67 mwaka 2015–16, na 43 mwaka 2022. Ni kazi ya chanjo, vyandarua, wakunga na akina mama wenyewe, na kila nikiitazama safu ile ya namba nafurahi kwa moyo wote. Lakini katika vizazi elfu moja, kuwaruka Kulwa na Doto peke yao kunaigeuza 43 kuwa 41. Watoto wawili, mkeka mmoja, honi moja ya dereva. Na anayepotea zaidi ni mchanga wa siku chache, ambaye ndiye zahanati ya kijiji kile ilipaswa kujengwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo: mama mkwe apishe kwanza. Soma swali lote. Kalamu chini, au kidole mbali na kioo. Nyamaza.

5. Hii ni ya mnaobaki ofisini kuandika taarifa. Nimesoma rasimu mbili mwezi huu zinazosema Watanzania sasa wanazaa kuliko zamani, eti kwa kuwa tulikuwa 44,928,923 mwaka 2012 na 61,741,120 mwaka 2022. Hapana, jamani. Wastani wa watoto kwa mwanamke umeshuka: 5.7 mwaka 2004–05, 5.2 mwaka 2015–16, 4.8 mwaka 2022. Kinachoongezeka ni idadi ya akina mama. Mabinti waliozaliwa kwa wingi miaka ya tisini na elfu mbili wamekua, wengi wakiwa hai kwa sababu ya vile vifo vilivyopungua, na sasa wana watoto wao. Kila mmoja akizaa wachache kuliko mama yake, bado vizazi vya mwaka ni vingi kuliko vya mwaka ule mama yake alipojifungua. Ndiyo maana ongezeko lilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka kati ya sensa hizo mbili, mwendo ambao ukiendelea unatuzidisha maradufu ndani ya miaka 22 hivi. Watu walioongezeka katika miaka ile kumi ni kama milioni 16.8. Nchi nzima mwaka 1967, sensa ya kwanza baada ya Uhuru, ilikuwa na watu milioni 12.3. Waziri akisoma taarifa yako inayosema "wanazaa kuliko zamani" ataelekeza hela pasipostahili, huku karibu asilimia 43 ya watu wakiwa na umri chini ya miaka 15, wakisubiri madawati.

Na msiseme Dar es Salaam imeacha kukua kwa sababu ongezeko lake limeshuka hadi asilimia 2.1 kwa mwaka. Tazameni mkoa jirani wa Pwani: kutoka zaidi kidogo ya milioni 1 hadi zaidi kidogo ya milioni 2 ndani ya miaka kumi. Jiji limevuka mpaka wa mkoa. Waliojenga Mkuranga na Kibaha kila alfajiri wako kwenye daladala za mjini. Ukisoma mkoa mmoja mmoja bila ramani mbele yako utaandika kinyume.

6. Mengine kwa haraka. Tuma data kila jioni penye mtandao, hata kama umechoka. Maji yako beba mwenyewe. Anza kwa mwenyekiti, maliza kwa mwenyekiti. Kaya isiyokuwepo irudiwe mara tatu, saa tofauti, na asiwepo wa kuijaza akiwa gesti. Tunawajua kwa saa zilizobaki ndani ya kishikwambi. Dada zangu, bebeni khanga.

Na majina. Nchi hii tunaandika historia kwenye majina ya watoto: Masika, Chausiku, Shida, Tabu, Vita, Sikujua. Kila kabila lina yake, na mengi yanasema nani alitangulia, nani aliondoka, mwaka ulikuwaje. Binti yule wa kishikwambi nilimfuata wakati wa chai. Ni Mhaya, akaniambia kwao nako jina linasema mengi. Jumatatu saa mbili kamili kila mmoja wenu aje na majina kumi ya kwao na maana zake, tuyabandike ukutani kabla hatujagawana EA.