Hesabu vidonge vya mama kwanza, foleni ya famasi baadaye

Mkuu, usiende.

Nimesoma swali lako mara tatu na kila nikisoma moyo unanienda mbio. Unakaa Sinza hapa Dar, mwaka huu wa 2021 wa korona kila famasi unayopita ina foleni mpaka barabarani, unataka kujua sababu. Unauliza pia itakuwaje kama mji ukifungwa kama walivyofungiwa wenzetu wa Kampala mwezi Juni 2021, na famasi gani Dar haina watu wengi. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo tu, umeandika kwamba Jumamosi utadamka alfajiri ukanunue azithromaisini (antibiotiki), dexa (deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini), zinki na vitamini C za familia nzima, na "dawa za presha za bi mkubwa nitazifuata nikipata nafasi".

Hayo maneno ya mwisho na mimi niliyasema Aprili 2020. Leo mama yangu anashika kijiko kwa mkono wa kushoto.

Ngoja nikueleze. Mwaka jana, Jumatatu tarehe 20 Aprili 2020, ndiyo siku tuliyoagizwa hapa Dar kwamba kila anayetoka nje avae barakoa. Kesho yake nikatoka Magomeni kwenda Kariakoo kumnunulia mama dawa. Ana presha ya miaka mingi, anameza aina mbili kila siku, amlodipini na atenololi. Kila aina alikuwa amebakiwa na vidonge 8. Mabasi yalikuwa yanapakia abiria wa kukaa tu, kwa hiyo foleni ya kwanza niliikuta kituoni kabla hata sijaiona famasi.

Nilipofika, watu walikuwa wamepangwa kando ya ukuta mpaka kona ya pili. Chini wamechora miduara ya chaki, kila mmoja na duara lake, mlangoni ndoo ya maji na sabuni, wanaingizwa wanne wanne. Watu 30 wanaotosha ndani ya duka siku ya kawaida, ukiwatandaza nje kwa mita moja moja wanajaza mtaa. Hilo ni jibu la kwanza la swali lako, foleni nyingine ni ndefu kwa macho kuliko kwa hesabu.

Nilisimama kwa muda wa karibu saa tatu nzima. Na katika saa hizo tatu ndipo nilipoharibikiwa, maana foleni ina mdomo. Wa mbele yangu anamwambia wa mbele yake kuna dawa ya kukinga mapafu. Wa nyuma anasema dada yake anayefanya kazi hospitali kanunua makopo manne. Kila mtu anatoa simu anachezesha ile ile sauti iliyokuwa inazunguka WhatsApp wiki ile, ya mtu aliyejitambulisha kama daktari bingwa, anataja dawa moja baada ya nyingine taratibu ili watu waandike. Mimi ilikuwa imenifikia kwenye kundi la mtaa, la ukoo na la wafiwa wenzetu wa msiba wa mwezi Februari. Unapoisikia mara ya nne ukiwa juani, umevaa kitambaa puani, unaanza kuiamini. Nilitoka nyumbani na kitu kimoja kichwani, nikafika dirishani na vitu saba.

Kwa hiyo jibu la pili, na ndilo kubwa, ni kwamba wengi uliowaona wamesimama pale Sinza hawakuandikiwa dawa na mtu yeyote. Wamefuata walichokisikia, na foleni yenyewe inawatisha wapita njia wengine nao wanajiunga.

Dirishani nikataja jina lililokuwa kwenye boksi la mama. Kijana akageuka, akatazama rafu, akasema imeisha. Basi. Hakuuliza ni dawa ya nini, hakuomba kuona cheti cha daktari. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba jina nililolitaja ni jina la kiwanda. Amlodipini inatengenezwa na viwanda vingi, kila kimoja na boksi lake na jina lake, na huenda ya kiwanda kingine ilikuwepo palepale mgongoni kwake. Mimi sikujua kuuliza hivyo, na yeye ambaye ndiyo kazi yake hakunisaidia. Akaniambia, "Hizo za presha zitaingia wiki ijayo kaka, huwa haziadimiki. Chukua hizi kwanza, kesho huzikuti."

Nikachukua. Azithromaisini za watu watano, dexa, zinki, vitamini C, barakoa boksi zima, vitakasa mikono viwili na kitu cha maji cha kijani ambacho mpaka leo sijui ni nini. Shilingi 187,000. Dawa za mama za mwezi mzima hazikuwa zinafika 20,000.

Nimefika nyumbani mama ananiuliza, "Umepata?" Nikamwambia zitaingia wiki ijayo. Akaniangalia nilivyochoka, akasema, "Haya baba, kapumzike." Wiki iliyofuata sikwenda. Nilipita na bodaboda mara moja, nikaona ile foleni, nikasema kesho. Tarehe 25 mwezi wa Ramadhani ukaingia, mchana una swaumu, jioni una futari, nikasema kesho tena. Duka la dawa la mtaani kwetu hawakuwa nazo.

Mama hakunisumbua hata mara moja. Alichokifanya ni kuvigawa. Vidonge 8 akavipeleka siku 16, leo anameza daku, kesho anaacha, ili mimi nisirudi kwenye ule msongamano nikaleta korona. Alikuwa ananilinda. Mtu ananyima mwili wake dawa ili mwanawe asisimame foleni, na mwanawe ana kabati zima la dawa za ugonjwa ambao hakuna aliyeugua nyumbani.

Tarehe 6 Mei, Jumatano, tumefuturu. Kikombe cha uji kikamponyoka. Tukadhani ni cha moto. Akataka kusema kitu, mdomo ukaenda upande. Mkono wa kulia ukabaki umelala kwenye mkeka kama si wake.

Tukampakia kwenye bajaji. Hospitali ya kwanza walituzuia getini, wanauliza anakohoa, ana homa, mmetoka wapi, tukapoteza muda ambao mgonjwa wa kiharusi hana. Ya pili wakatupokea. Presha ilikuwa 214 kwa 118. Daktari akaniuliza anatumia dawa? Nikajibu kwa sauti kabisa, ndiyo, kila siku. Dada yangu akafungua mkoba wa mama, akatoa maboksi mawili. Matupu. Mama amelala pale, hawezi kusema, akanyanyua mkono wa kushoto, akaonyesha kidole kimoja, akakikunja, akaonyesha tena, akakikunja tena. Leo nameza, kesho naacha. Daktari alielewa kabla yangu.

Akatueleza kwamba dawa kama atenololi ukiikata ghafla au ukiwa unarukaruka, presha inaweza kupanda kwa kishindo kuliko ilivyokuwa kabla hujaanza kuitumia. Sikuwa nalijua hilo. Nilidhani dawa ya presha ni kama ya maumivu, ukiikosa siku mbili utaikuta.

Amepona kwa kadiri alivyopona. Anaongea, anatembea na fimbo, anakwenda mazoezi ya viungo. Chapati hasukumi tena. Ule mfuko wa 187,000 haujafunguliwa hata nusu.

Sasa nina neno na yule aliyerekodi ile sauti. Wewe unayejiita daktari bila kutaja unakofanya kazi, uliwatajia dozi watu usiowaona, hujui nani ana presha, nani ana kisukari, nani ana mimba. Watu walisimama juani kwa ajili yako. Na yule kijana wa dirishani, wewe nina hasira nawe zaidi, kwa sababu wewe uliniona. Mtu amekuja na boksi la dawa ya presha mkononi, unamuuzia mfuko wa hofu na kumrudisha nyumbani bila dawa aliyoifuata. Kumuuliza tu, "Zimebaki ngapi?" kungekuchukua sekunde tano.

Na hizo unazotaka kununua, mkuu, sikiliza. Azithromaisini ni ya bakteria, na korona ni kirusi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao RECOVERY ulitangaza Desemba 2020 kwamba haikuwasaidia wagonjwa wa korona waliolazwa. Dexa ndiyo hatari zaidi kuwa nayo kabatini. Utafiti huohuo ulionyesha Juni 2020 kwamba inaokoa maisha ya wagonjwa waliofikia kuwekewa oksijeni au mashine ya kupumulia, na kwa wale wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida. Inapandisha sukari, inaweza kupandisha presha. Umesema bi mkubwa ana presha, halafu unataka kumwekea dexa nyumbani! Na kama kuna mtu bado anakutajia klorokwini, mwambie wazee tunaikumbuka kwa kuwasha mwili mzima, na nchi hii iliiacha kwenye malaria tangu 2001 kwa sababu vimelea walishaizoea. Kwa korona nayo walipoipima ndugu yake, haidroksiklorokwini, haikusaidia.

Suala la dawa kuadimika ni la kweli, silikatai. Dawa zetu nyingi zinatoka nje, na sehemu kubwa ni India. Machi 2020 India ilizuia kwa muda kuuza nje malighafi na dawa 26, parasetamoli ikiwemo, kwa sababu wao wenyewe wanategemea malighafi za China ambako viwanda vilikuwa vimefungwa. Mwisho wa mwezi huo nao wakafunga nchi. Meli ikichelewa huko, muuza jumla wa Kariakoo anagawa kidogo kidogo, famasi ya mtaani inapata maboksi mawili badala ya ishirini, na wewe unazunguka famasi nne kutafuta dawa moja, kwa hiyo mtu mmoja anahesabika kwenye foleni nne. Ongeza wanaoogopa hospitali wakaifanya famasi kuwa zahanati, kila mmoja anajieleza dirishani dakika kumi. Ongeza wa kadi ya bima pale mtandao unapogoma. Ndiyo maana nakwambia foleni haitakwisha wiki hii wala ijayo, tuko kwenye wimbi la tatu la korona la mwaka huu wa 2021, na ukisubiri iishe ndipo umfuatie mama dawa, utakuwa umefanya nilichofanya mimi.

Kwa hiyo nina kanuni moja, na dada yangu ameiandika kwa kalamu nene mlangoni mwa friji: VIKIBAKI 14, NENDA. Kila Jumamosi asubuhi tunamwaga vidonge mezani, aina moja moja, tunahesabu. Vikibaki 14 vya kumeza kimoja kwa siku, una wiki mbili mkononi. Leo ukikuta foleni imefika kona ya pili unaweza kurudi nyumbani, ukaenda Jumanne mapema, ukamtuma mtoto wa jirani, ukajaribu Magomeni, ukajaribu Temeke. Ukikuta imeisha unampigia daktari wake akwambie ibadilishwe na nini. Ukiwa na vidonge 3 huna uchaguzi wowote, na ukiwa huna uchaguzi ndipo mtu wa dirishani anakuuzia anachotaka yeye.

Usihesabu kwa kumuuliza, "Mama, dawa zipo?" Atakwambia zipo. Wangu alisema zipo mpaka siku ya kikombe. Shika boksi mwenyewe, fungua, gusa vidonge.

Na ukienda, usitaje jina kubwa la kwenye boksi. Chini yake kuna maandishi madogo, hilo ndilo jina la dawa yenyewe, na miligramu zake. Andika kwenye karatasi, beba na cheti, mpe mfamasia, sema, "Hii, ya kiwanda chochote chenye usajili." Akikwambia imeisha, muulize ni dawa iliyoisha au ni boksi.

Swali lako la famasi isiyo na watu, na la mji kufungwa, wengine watakujibu, hapa naona wachangiaji wa Sinza wapo. Ninachoweza kukuongezea ni kwamba kama una nguvu za kudamka alfajiri Jumamosi, mpeleke bi mkubwa akachanjwe. Rais Samia alizindua chanjo ya korona tarehe 28 Julai 2021, hiyo ya Janssen ilikuwa ya dozi moja tu, na wenye umri wa miaka 50 na kuendelea na wenye magonjwa sugu walikuwa kwenye kundi la mwanzo. Mwulize kwanza daktari wake ukitaka. Mama yangu kachanjwa, kauma meno kwa sababu ya sindano, kisha akadai soda.

Sasa funga simu, nenda chumbani kwake, fungua boksi. Ukimaliza kuhesabu rudi hapa uniandikie namba. Sitalala mpaka nione vimebaki vingapi.