Kabro au lami kwa barabara ya mtaani?

Ndugu, umesema wakazi wa mtaa wenu hapo Mombasa mmechanga pesa, mnabishana kati ya lami na kabro (matofali ya zege ya kutandika barabarani), na bodaboda wanaanguka kila mvua ikinyesha. Kwa njia ya mtaani isiyo na malori, mimi ningechagua kabro. Bomba la maji likipasuka, zinang'olewa, fundi anamaliza kazi yake, kisha zinarudishwa zilezile. Lami ikishakatwa hubaki na kiraka, na kiraka huzaa shimo.

Ila msimwachie mkandarasi aamue kila kitu. Magari yatapita, kwa hiyo dai kabro za unene wa milimita 80. Za 60 ni za uani na za waendao kwa miguu. Zipangwe mtindo wa mifupa ya samaki, zishikane. Zikikaa mistari iliyonyooka, breki za magari huzisogeza kidogo kidogo. Pembeni pawe na kingo za zege, la sivyo safu nzima itafunguka. Udongo wa chini ushindiliwe kwa mashine, si kwa miguu ya vibarua (ndiyo, wapo wanaofanya hivyo).

Kuhusu utelezi, chagueni kabro zenye uso wa kukwaruza, na mkatae rangi ya kung'aa. Barabara iinuke katikati, ishuke kama sentimita 2.5 kwa kila mita kuelekea mtaroni. Mtaro wenyewe ufunikwe. Mkitumia mifuniko ya vyuma, nondo zake zikatize njia. Zikielekea magurudumu yaendako, tairi la baiskeli litanasa humo.