Si Kila Seyyid Ana Kiti: Ushauri kwa Wenzangu Wachora Shajara

Kazi yangu ni kuchora shajara, yaani miti ya ukoo, na juzi usiku umeingia ujumbe kutoka Maskati. Mwandishi wake ni bibi wa makamo, msomaji wangu wa siku nyingi, ambaye watu wake walihama Unguja baada ya 1964. Salamu ndefu, habari za afya, habari za joto la huko, kisha akaja kwenye lake:

"Dada yangu, tunamalizia nyumba, na ukuta wa sebule tumeuacha mtupu kwa ajili ya shajara. Sisi ni Albusaidi, kabila la masultani wa Unguja, wewe unajua. Nataka pale juu kabisa uandike kwa wino wa dhahabu: Ukoo wa Kifalme. Bei si tatizo."

Bei si tatizo! Maneno hayo nimewahi kuambiwa, na mpaka leo nikiyasikia moyo unanipiga.

Mzee mmoja wa huku mwambao, simtaji, alinipa kazi kabla ya harusi ya mwanawe. Alitaka shajara itundikwe ukumbini ili wakwe waione wanapoingia. Nilikaa na dada zake wakubwa jioni nyingi, nikapiga picha hati za wakfu, nikatambaa makaburini nikisoma maandishi yaliyoliwa na mvua. Habari za kupekua nyaraka naziruka, vumbi ni vumbi. Kazi ilitoka nzuri. Nasema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyesema. Kila jina kwa mkono wangu, kila mke na watoto wake, mistari imenyooka utadhani imepigwa na mashine.

Babu mkubwa wa mzee yule nilimwandika alivyokuwa: Albusaidi, liwali (mwakilishi wa sultani), mtu wa mashamba na neno lake linasikilizwa. Taji sikumpa. Mzee akaikunjua karatasi, akaipitia kimya, akauliza, "Na alama ya ufalme iko wapi, mwanangu?" Nikamweleza. Akaikunja. Fedha iliyobaki sijaiona mpaka leo. Nikaja kusikia kuwa siku ya harusi ilitundikwa shajara nyingine kabisa, imechapwa kwenye bango la plastiki, na juu yake taji kubwa la Kizungu lililotolewa intaneti, na juu ya taji msalaba. Msalaba, juu ya Albusaidi! Nilicheka mpaka machozi, ila machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Sasa ninyi mnaonisoma, najua hamko hapa kupitisha wakati. Kila mmoja ana karatasi yake aliyoianza, ina majina upande mmoja na upande mwingine mtupu, naye anataka ikamilike kabla wazee hawajaondoka. Na kila mmoja ana shangazi anayesema, "Sisi tuna damu ya kifalme." Basi shangazi akisema hivyo, mwulize mambo matatu kwa adabu: kiti kipi, kwa kanuni ya nani, na mwaka gani? Asipokuwa na majibu, yaandike aliyoyasema pembeni, lakini wino wa dhahabu uweke kabatini.

Tuchukue hao hao Albusaidi, maana ndio ninaoletewa zaidi. Albusaidi ni kabila zima la Oman, lina watu wengi wasiowahi kusogelea kiti cha enzi. Ndani ya kabila hilo, katikati ya karne ya 18, Ahmad bin Said alichaguliwa kuwa Imam, mtawala wa Oman, na uzao wake ndio uliobeba cheo cha Seyyid. Hapo tayari mduara umepungua. Liwali Salim bin Khalfan wa Mombasa alikuwa Albusaidi, na mwanawe Sir Ali bin Salim aliyekuja kuwa liwali wa Pwani alikuwa Albusaidi, wote watu wakubwa wenye mali na sauti, na Waingereza wakampa mwana cheo chao cha heshima. Lakini watu walimwita Sheikh Ali. Hakuna aliyemhesabu katika mstari wa kukalia kiti cha Unguja. Ukubwa wake haukupungua hata kidogo kwa hilo, na ndilo nililojaribu kumwambia mzee wangu yule asinisikie.

Mduara unazidi kupungua. Mjukuu wa Imam Ahmad, Said bin Sultan, ndiye aliyehamishia makao Unguja. Alipofariki baharini mwaka 1856 akirudi kutoka Oman, kiti kikawa viwili: Majid akabaki Unguja, Thuwaini akashika Maskati. Ugomvi wao uliamuliwa mwaka 1861 na Lord Canning, gavana mkuu wa Waingereza huko India: nchi mbili, watawala wawili, na Unguja ilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Kwa hiyo baada ya 1861, ukisema tu "ukoo wa kifalme", mimi nakuuliza tena: kiti kipi?

Na kanuni ya nani? Maana Oman ya leo imeandika yake. Sheria ya Msingi ya mwaka 1996 ilisema usultani unarithiwa na wanaume wa uzao wa Seyyid Turki bin Said bin Sultan. Turki alikuwa mtoto wa Said aliyetawala Maskati kuanzia 1871 mpaka 1888. Tazameni mstari huo ulivyokata. Sultani wa mwisho wa Unguja, Jamshid bin Abdullah, aliyepinduliwa tarehe 12 Januari 1964, alikuwa wa uzao wa Thuwaini, kaka yake Turki. Yeye mwenyewe alikuwa sultani, baba yake sultani, babu yake Khalifa bin Harub sultani kwa karibu miaka 50. Aliishi Portsmouth, Uingereza, miaka mingi, akarudi Oman mwaka 2020, akafariki Desemba 2024. Damu yake ya kifalme nani atabisha? Lakini kwa kanuni ya Oman ya 1996 hakuwa na nafasi kwenye kiti cha Maskati, kama vile wewe na mimi hatuna. Mwaka 2021 Sultani Haitham aliubana mstari zaidi: sasa kiti kinakwenda kwa mtoto mkubwa wa kiume wa sultani. Binamu waliokuwa wanahesabika mwaka 2020 wakajikuta wamesogezwa mbali bila kubadilika hata tone la damu.

Kwa hiyo taji kwenye shajara lazima liwe na mwaka chini yake. Mimi naandika taji na miaka, "1870–1888", chini ya Sultani Barghash wa Unguja, basi. Asiyekalia kiti hapati taji hata kama ni baba wa sultani. Muhammad bin Said, baba yake Sultani Hamoud, hana taji kwangu. Harub, baba yake Khalifa, hana.

Wananiuliza sana kuhusu Khalid bin Barghash. Huyu ni mtihani mzuri kwa kila mchora shajara. Mtoto wa sultani, ameingia kasri tarehe 25 Agosti 1896 siku aliyofariki Hamad bin Thuwaini, amejitangaza, bendera imepanda. Waingereza wakasema bila idhini yao hakuna sultani, na asubuhi ya tarehe 27 wakapiga mizinga kwa muda usiofika dakika 45. Kufikia jioni mtawala alikuwa Hamoud. Je, Khalid ni sultani? Katika orodha za serikali ya ulinzi ya Waingereza, hapana. Kwa waliokuwa naye kasrini na wakafa naye, ndiyo. Mimi nimemchorea taji la nukta nukta, na nina fahari na uamuzi huo. Mwanahistoria mmoja aliyeiona alinitingishia kichwa, sikujua ananisifu au ananisikitikia. Khalid alifia Mombasa mwaka 1927, na popote alipopita watu walijua yeye ni nani.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi ya fedha ya mzee.

Ni akina mama. Kila ninapoletewa karatasi ya ukoo mkubwa, majina ya wanaume yamepangwa fulani bin fulani bin fulani, na mama zao hawapo. Ukiuliza, sauti zinashuka: "Huyo alikuwa suria, mwanangu, usimwandike." Mimi mwenyewe bibi mkubwa wa baba yangu alikuwa suria, na katika karatasi iliyoandikwa na ndugu wa upande ule ameachwa pengo. Si jina bovu, si alama ya kuuliza: pengo. Nilikuwa msichana mdogo nilipoliona, na nadhani ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hawa wanaoficha masuria hawajui historia ya ufalme wanaoutaka. Salme, binti wa Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, ameandika katika kumbukumbu zake kwamba baba yake aliacha watoto 36, wa kiume 18 na wa kike 18, na wote mama zao walikuwa masuria. Mkewe mkubwa, Bibi Azza binti Seif, ambaye mwenyewe alikuwa wa nasaba ya juu kabisa, hakuacha mtoto. Mama yake Majid alikuwa Mcherkasi (watu wa Kaukazi), mama yake Barghash Mhabeshi, mama yake Salme, Jilfidan, Mcherkasi. Wanne wa kwanza kukalia kiti cha Unguja baada ya Said, yaani Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote ni watoto wake. Kanuni ilikuwa ya baba: akikukiri, wewe ni Seyyid sawa na mwingine. Sasa wewe unamfuta bibi yako kwa kuwa alikuwa suria, halafu unataka taji kutoka kwenye ukoo ambao masultani wake walizaliwa na masuria?

Huko Ulaya, ambako yule mzee alichukua taji lake la msalaba, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Sophie Chotek alitoka katika familia ya mabwana wa Bohemia, Ucheki ya leo, watu wa vyeo tangu zamani. Lakini familia yake haikuwahi kutawala nchi, na kanuni ya Habsburg, nasaba iliyotawala Austria kutoka Vienna, ilitaka mke atoke katika nyumba iliyotawala au inayohesabiwa sawa nayo. Mrithi wa kiti cha Vienna, Franz Ferdinand, alipomtaka, ilibidi aape mbele ya watu tarehe 28 Juni 1900 kwamba mkewe hatakuwa malkia na watoto wao hawatarithi. Wakaoana siku chache baadaye. Katika sherehe za kasri mke alitembea nyuma ya mabinti wadogo wa ukoo. Waliuawa pamoja Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914, siku ile ile ya kiapo. Basi mtoto wa suria wa Kihabeshi alikalia kiti Unguja, na mtoto wa bibi wa vyeo vya Bohemia akanyimwa Vienna. Anayeniambia ufalme ni damu safi, nitamwuliza: kwa kanuni ya nani?

Salme naye ananisaidia upande mwingine. Mwaka 1867 alibatizwa Aden akaolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, na ndugu zake wakamkata urithi. Wateja wangu wengine wanataka nimfute. Simfuti. Ni binti ya Said, na ubinti hauondolewi na ubatizo wala hasira ya Barghash. Watoto wake nawaandika pia, bila taji na bila cheo, kwa sababu kiti kile hakikupita kwa mabinti, Waislamu au Wakristo.

Jamani, tuwe wakweli. Acheni kunilazimisha nichanganye Seyyid wa Albusaidi na masharifu wa Lamu wanaoitwa pia Seyyid: hao nasaba yao inakwenda kwa Mtume, si kwenye kiti cha Unguja, na wengi wao wangekasirika kuambiwa ni wafalme. Acheni kuona haya pia mkiwa wa uzao wa Mwinyi Mkuu wa Dunga, mtawala wa wenyeji wa Unguja. Kile nacho kilikuwa kiti, na kilikuwepo kabla ya Said kushusha tanga. Ulizeni kiti, kanuni, mwaka. Nimesema mara ngapi leo? Nitasema tena wiki ijayo.

Bibi wa Maskati nilimwambia hayo hayo, nikitegemea kununiwa. Siku ya pili akaniletea majina mpaka kwa Imam Ahmad. Na mstari wake haupiti kwa Said wala baba yake Sultan; unapita kwa mtoto mwingine wa Imam, Qais bin Ahmad, tawi la Suhar. Nikakaa wima. Tawi hilo ndilo lililomtoa Azzan bin Qais, aliyefanywa Imam mwaka 1868 na kutawala Maskati mpaka alipouawa vitani Matrah mwaka 1871, Turki alipokitwaa kiti. Kwa kanuni ya 1996, tawi la bibi yangu halimo. Kwa mwaka 1870, ndilo lililokuwa kitini.

Nimemjibu kwamba "Ukoo wa Kifalme" sitaandika juu ya shajara nzima, lakini Azzan atapata dhahabu na miaka yake, "1868–1871", chini yake, na babu wa bibi mwenyewe atabaki Seyyid kwa wino mweusi. Amekubali, na nusu ya fedha ameshatuma. Ila katika majina yote aliyoniletea hakuna mama hata mmoja, kwa hiyo nimemrudishia karatasi.