Timgad au Thamugadi?

Ndugu, umeuliza: kwenye makala yako ya miji ya Kirumi nchini Algeria, uandike Timgad, jina la sasa, au Thamugadi, jina la kale la mji huohuo? Mimi ningeandika Timgad. Ndilo jina lililoko kwenye ramani, na ndilo UNESCO ililotumia ilipoyaorodhesha magofu hayo mwaka 1982. La kale litaje pale unaposimulia jinsi Kaizari Trajan alivyouanzisha mji ule yapata mwaka 100, kisha liache. Djemila, mji mwingine wa Kirumi huko huko Algeria, vivyo hivyo, ingawa Warumi waliiita Cuicul.

Ila isiwe amri. Ukivuka kwenda Libya, mji wa magofu wa Leptis Magna karibu kila mtu huuita hivyo hivyo. La kale ndilo lililoshinda. (Nalo lina vituko vyake: kwenye maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye mawe utakuta pia Lepcis, kwa C.) London nayo ni kesi nyingine. Ukiandika "ukuta wa Londinium", msomaji anajua unasema mji wa Warumi, si huu wa mabasi mekundu.

Kinachoniudhi mimi ni mtu kuanza na Cuicul, aya ya tatu akaandika Djemila bila maelezo, msomaji akadhani ni miji miwili.