Mlango wa mkuu uko wazi, mbona walimu hawaingii?

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali mkoani Geita, nina walimu 14. Kila kikao nawaambia mlango wangu uko wazi, na sanduku la maoni lipo. Haingii mtu. Ila maombi ya ruhusa yameongezeka na ofisi ya walimu imejaa minong'ono. Mwalimu wa darasa la pili, mwenye wanafunzi 110, amebadilika kabisa, hasemi na mtu. Walimu wa kuongeza sina. Kusikiliza kutasaidia nini?

JIBU: Kusikiliza hakutapunguza hata mtoto mmoja kati ya hao 110, na mwalimu wako analijua hilo. Lakini msongo wake hauletwi na wingi wa watoto tu. Kuna zamu inayowaangukia walewale, ratiba iliyobandikwa bila kuulizwa mtu, taarifa inayotakiwa "leo kabla ya saa nane", kusemwa mbele ya wanafunzi. Haya yako mikononi mwako, na huwezi kuyarekebisha usipoyajua.

Mlango wazi hautoshi. Anayekaa nyuma yake ndiye anayepitisha kazi za mwalimu kwenye PEPMIS (mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi), ndiye mtoa ruhusa, na ndiye mwandikaji wa barua za kujieleza. Nani ajipeleke? Toka wewe.

Tenga dakika 15 kwa kila mwalimu, mmoja kwa siku, wakati hana kipindi. Walimu 14 utawamaliza ndani ya wiki tatu. Kaeni mahali mnapoonekana lakini hamsikiki, kama chini ya mwembe. Ukimfungia ofisini, akitoka wenzake watamuuliza kaitiwa nini. Simu iache. Usiulize "Kuna tatizo?", maana jibu lake ni "Hakuna, mkuu." Uliza: "Wiki hii ni kitu gani kazini kilichokuchosha kuliko vyote?" Kisha nyamaza. Akimaliza, mrudishie kwa ufupi ulichosikia, akusahihishe. Hapa ndipo wakuu wengi huharibu: badala ya kurudisha, wanaanza "Sisi enzi zetu…" na mazungumzo yanafia hapo.

Baadaye (si mbele yake) andika kwenye daftari lenye safu tatu: ninaloliweza, la kupeleka kwa Afisa Elimu Kata au halmashauri, na lisilowezekana mwaka huu. Chukua mwalimu anayenyonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi, lakini ukimpangia vipindi mfululizo, saa hizo zinabaki kwenye karatasi. Kuvihamisha ni kazi ya jioni moja kwako na mwalimu wa taaluma: safu ya kwanza. Upungufu wa walimu ni safu ya pili.

Mpe jibu ndani ya siku saba, hata likiwa hapana, pamoja na sababu. Kumsikiliza mtu kisha ukakaa kimya muhula mzima ni kubaya kuliko kutomuuliza: mwanzo alidhani hujui, sasa anajua kwamba unajua. Na alichokwambia usikitaje kikaoni, hata kwa mafumbo. Kikivuja kimoja, waliobaki wote watakujibu "Hakuna, mkuu."

Huyo wa darasa la pili usimwite wa kwanza; mweke wa tatu au wa nne, asionekane ndiye kesi. Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, linataja dalili tatu za mtu aliyechoshwa na kazi kwa muda mrefu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yake au kuichukia, na kuona hafanyi la maana. Linaihesabu hali hiyo kuwa jambo la kazini, si ugonjwa. Kwa hiyo anza na kazi: mwondolee zamu kwa mwezi, mtafutie mwenzake wa kumsaidia vipindi vya kusoma. Ila akisema halali usiku, analia ovyo au anataja kufa, msindikize hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Nafundisha sekondari, Morogoro. Mkuu wangu wa shule hunisikiliza huku anachati. Nifanyeje?

JIBU: Usimvizie koridoni wala baada ya paredi. Omba dakika kumi kwa siku maalumu, uende na jambo moja, lenye hesabu na pendekezo: "Nina vipindi 32, mwenzangu ana 18, naomba Kidato cha Pili B kihamie kwake." Malalamiko matano kwa mpigo humpa nafasi ya kujibu lile jepesi. Kabla hujanyanyuka, uliza: "Nije lini kuchukua jibu?" Tarehe mbili zikipita kimya, andika barua, nakala ubaki nayo, kisha mwone mwakilishi wa chama cha walimu hapo shuleni.